Rock haijafa, tatizo ni wanaoikatisha

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala ya ukurasa wenu wa burudani iliyodai kuwa rock imebaki muziki wa wazungu wazee, na kwamba huku Kanda ya Ziwa haina msikilizaji. Mimi ni fundi wa spika na ampu hapa Mabatini, Mwanza. Wateja wangu wengi ni wenye baa na makanisa. Spika ikishatengenezwa lazima ijaribiwe, na muziki wa kujaribia nachagua mimi.

Siku hizi nawajaribia bendi ya The Cure, albamu ya Songs of a Lost World iliyotoka Novemba 2024. Waingereza hao walikuwa wamekaa miaka 16 bila albamu mpya. Kibao cha kwanza, Alone, kinakwenda zaidi ya dakika tatu kabla mwimbaji wao, Robert Smith, hajafungua mdomo. Ngoma zinapigwa taratibu, kinanda kinatandazwa juu yake, na huko chini besi ya Simon Gallup inatembea nzito, haina haraka na mtu. Spika yenye koni (ile karatasi ya mbele inayotikisika) iliyolegea inaumbuka hapo hapo, besi inageuka mkoromo. Kisha sauti inaingia. Mtu alishatimiza miaka 65, lakini koo halijachuja hata chembe.

Nilimwomba mtangazaji wa redio moja, jina nahifadhi, akipige kibao hicho cha Alone usiku. Akakiweka. Hata dakika mbili hazijaisha akashusha sauti, akasema huyu msanii naona amesahau kuimba, akatuwekea amapiano. Wimbo wenyewe ulikuwa haujaanza! Nilipompigia akanijibu kuwa msikilizaji wa Mwanza hana subira na magitaa. Hivi mji huu haukulelewa na muziki wa dansi? Watu wazima wa Kirumba na Igoma wanajua kukaa na kulisubiri sebene, na likishaingia hakuna anayeuliza mwimbaji kaenda wapi. Wakongo wanaanza na mashairi, magitaa yanafuata. The Cure wamegeuza tu mpangilio.

Sisemi kila cha rock kinachotoka ni kizuri. Linkin Park, ambao hata bodaboda wa kijiweni kwetu wanawajua, walirudi mwezi huohuo wa Novemba na From Zero, albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya tangu mwimbaji wao Chester Bennington afariki mwaka 2017. Mwimbaji wao mpya, Emily Armstrong, ana koo, hilo sibishi. Akipayuka, spika ndogo zinaomba poo. Albamu yenyewe ndiyo yenye woga. Nyimbo 11, nusu saa na ushee, na karibu kila moja inakukumbusha nyingine ya kwao uliyoizoea tangu zamani. Vijana ninaofanya nao kazi wanaipenda, na tumebishana mpaka chai ikapoa.

Afadhali bendi ya Fontaines D.C. wa Dublin, Ireland, na albamu yao ya Romance ya Agosti 2024. Kwenye kibao cha Starburster, mwimbaji anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka majini. Mama mmoja aliyekuja kuchukua spika ya kwaya alisikia ile pumzi akagoma kulipa, akidhani inavuja upepo.

Na hilo la wazungu? Mwandishi wenu amtafute Mdou Moctar wa Niger. Ni Mtuareg, kabila la jangwa la Sahara, anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, na gitaa lake la kwanza alijiundia mwenyewe akalifunga nyaya za breki za baiskeli. Mei 2024 alitoa albamu ya Funeral for Justice, anaimba kwa lugha ya kwao, akiwasema viongozi wa Afrika na kuisema Ufaransa, huku gitaa likienda mbio za singeli. Jeshi lilipoipindua serikali ya Niger Julai 2023, bendi ilikuwa ziarani Marekani, ikakwama hukohuko. Nyimbo zilezile wakazirekodi upya kwa magitaa yasiyo ya umeme, zikatoka Februari 2025 kwa jina la Tears of Injustice. Hapo uchungu unasikika zaidi, kwa sababu hakuna kelele ya kuufunika. Mimi bado naipendelea ile ya umeme, lakini nadhani hiyo ni kwa sababu ya kazi yangu.

Kwa hiyo naomba ukurasa wenu umpe Mdou japo nusu safu. Na mwandishi wa makala ile akifika Mwanza apite Mabatini mchana, kabla foleni ya wateja wa jioni haijaanza. Nina spika ya inchi 15 mezani, nimetoka kuibadilisha koni.

Fundi Spika,
Mabatini, Mwanza