YAH: SASISHO LA FAMWEA LILILOHARIBU VRR YA MONITA YA 144 Hz

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Kwa heshima zote, naomba tiketi yangu ya malalamiko ifunguliwe tena. Mmeiandika "imetatuliwa". Hakuna kilichotatuliwa.

Sasisho lenu la famwea (programu ya ndani ya monita) limepandisha kiwango cha chini cha VRR, yaani uwezo wa skrini kubadili idadi ya mara inazochora picha kwa sekunde (Hz) ili ifuate mchezo, kutoka 48 Hz hadi 80 Hz. Boksi linasema 48–144; EDID ya monita, yaani taarifa inayoiambia kompyuta uwezo wa skrini, sasa inasema 80–144. Kugawanya tu kungetosha: 144 kwa 48 ni 3, 144 kwa 80 ni 1.8. Ikiwa chini ya 2, kurudia fremu (kuonyesha picha ile ile ya mchezo mara mbili au zaidi ili Hz zifike kiwango cha chini) hakuwezekani tena. Fremu 75 kwa sekunde ziende wapi? Zikiachwa zilivyo, hazifiki 80. Zikirudiwa mara mbili zinakuwa 150, na kikomo ni 144. Kadi ya picha ikiona pengo hilo inaacha kurudia kabisa, hata kwa fremu 45 ambazo zingekaa vizuri kwenye 90 Hz.

Sasa mchezo ukishuka hadi fremu 60, skrini inang'ang'ania 144 Hz. V-Sync (mpangilio unaoifanya kadi ya picha isubiri skrini imalize kuchora) ikiwashwa, fremu moja inakaa milisekunde (ms) 13.9 na nyingine ms 20.8, kwa sababu 144 haigawanyiki kwa 60 bila kubaki, na kamera ikizunguka picha inagugumia. V-Sync ikizimwa, picha inapasuka. Kabla ya sasisho hata fremu 40 zilikwenda laini: kila moja mara mbili, 80 Hz, ms 12.5 na 12.5.

Yote haya niliwaandikia, pamoja na jedwali la muda wa kila fremu. Fundi wenu akajibu: "Jicho la binadamu halioni zaidi ya fremu 30. Punguza ubora wa picha kwenye mchezo." Akafunga tiketi. (Hiyo aliyoijibu ilikuwa barua yangu ya pili. Ya kwanza ilikaa siku 9 bila jibu.)

Sababu yenu naielewa. Paneli ya VA (aina ya skrini ya LCD, kama hii yenu) hupepesa mchezo unapocheza kwenye mpaka wa 48: fremu 49 zinaonyeshwa kwa 49 Hz, zikishuka 47 skrini inaruka hadi 94 Hz, kisha inarudi. Gama (mpangilio wa mwangaza wa picha) imepangwa kwa Hz za juu, na pikseli inayosubiri muda mrefu haitunzi mwangaza ule ule. Waliolalamikia jambo hilo walikuwa na haki. Lakini dawa ni kupanga gama kwa viwango kadhaa, au kuweka swichi kwenye menyu ili anayekerwa na kupepesa achague masafa mafupi mwenyewe. Hata mngepandisha hadi 60 ningenyamaza, maana 144 kwa 60 ni 2.4. Hata 72! Nani alichagua 80?

Wala msiniambie paneli haiwezi. Nimeandika upya EDID kwenye kompyuta, nikairudisha 48–144, na fremu zinarudiwa kama zamani. Mwenye konsoli hana njia hiyo.

Narudia, huenda mlisoma haraka. Mteja analeta vipimo vya milisekunde, fundi anamjibu kwa habari za jicho, kisha anamwambia apunguze ubora wa picha na kumfungia mlango kwa neno "imetatuliwa". Kama jicho halioni zaidi ya 30, hiyo 144 kwenye boksi mliichapa kwa ajili ya nani?

Ninachoomba: famwea ya zamani itolewe ndani ya siku 14, pamoja na maelekezo ya kuirudisha. Na swichi ya menyu katika sasisho lijalo. Na jibu la maandishi kutoka kwa mhandisi, si kutoka kwa yule fundi. Kwa kweli, kila nikiisoma tiketi ile naona hayo ni madogo: siku 14 zikipita, nataka fedha zangu zote, pamoja na gharama ya kusafirisha. Mkikataa, boksi lenu, EDID zote mbili na jibu la fundi vitapelekwa kwa mamlaka ya kulinda walaji kama ushahidi wa bidhaa iliyobadilishwa baada ya kuuzwa, na benki yangu itaombwa kuyarudisha malipo.

Siku zinahesabiwa kuanzia leo.

Wenu,
Mteja ambaye tiketi yake haijatatuliwa