Kabla Hujalipia Safari ya Empakaai, Tuzungumze Kuhusu Magoti

Wateja wengi wanaotupigia kuulizia safari ya kutembea kutoka Nainokanoka, kupitia kreta ya Empakaai, hadi Engare Sero huanza na swali la simba. Watalala kwenye hema porini, hakuna ukuta, hakuna geti, je, watakuwa salama? Ni swali la haki na tunalijibu. Halafu sisi tunauliza la kwetu: magoti yako yakoje ukishuka ngazi? Wapo wanaonyamaza kidogo. Mmoja alituambia wazi kwamba anatafuta safari, hatafuti daktari.

Tunaelewa inavyokera. Mtu ameshapanga likizo, ana pesa yake mkononi, na sisi badala ya kumtumia namba ya malipo tunamhoji kuhusu viatu, presha na mara ya mwisho alipotembea saa tano mfululizo. Makala hii ni ya kueleza kwa nini tunafanya hivyo, na kwa nini hatutaacha.

Njia yenyewe ni hii. Tunaanzia Nainokanoka, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, chini ya kreta ya Olmoti. Tukiwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, tunapanda hadi ukingoni, tunaona Mto Munge ukidondoka kutoka kwenye kreta kwenda kulisha ziwa lililo ndani ya Ngorongoro, kisha tunavuka nyanda za majani hadi Bulati. Siku ya pili tunatembea kutoka Bulati hadi ukingo wa Empakaai, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kulia kwako unakuwa na Loolmalasin, mlima wa tatu kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro na Meru, ingawa Watanzania wengi hawajawahi kulisikia jina lake. Siku ya tatu asubuhi tunashuka ndani ya kreta hadi ziwani, tunapanda tena, halafu tunateremka kijiji cha Naiyobi. Siku ya nne tunashuka ukuta wa Bonde la Ufa, volkano ya Ol Doinyo Lengai ikiwa mbele yetu, mpaka Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, ambalo liko kwenye mita 600 hivi.

Hesabu mwenyewe. Kutoka mita 3,000 na ushee hadi 600, kwa miguu, ndani ya siku mbili. Watu hufanya mazoezi ya kupanda, na kumbe safari hii inamkamata mtu wakati wa kushuka. Kupanda kunachosha pumzi, na pumzi hurudi ukikaa kwenye jiwe dakika kumi. Goti likishavimba halirudi kwa dakika kumi. Na sehemu kubwa ya mteremko ule ni majivu ya volkano na kokoto zinazoteleza, kwa hiyo kila hatua unajizuia kwa mapaja na magoti.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha maswali yetu. Hadi ukingo wa Empakaai, Land Cruiser inaweza kukufikia. Barabara ni mbovu, na wakati wa masika inaweza kuchukua siku nzima, lakini gari linafika. Kutoka Naiyobi kushuka kwenda Natron ni njia ya watu, ng'ombe na punda tu. Ukiumia katikati, utatoka kwa miguu yako au kwa mabega ya wenzako. Simu hushika kwa kubahatisha. Tunabeba simu ya setilaiti, lakini simu haimbebi mtu.

Tulijifunza jambo hili kwa uchungu. Miaka ya mwanzo tulikuwa tunapokea kila aliyelipa. Mama mmoja, mchangamfu, mwenye nia kubwa kuliko wote kwenye kundi, hakutuambia kwamba alishawahi kufanyiwa upasuaji wa goti. Nasi hatukumuuliza, na kosa hilo ni letu. Siku ya nne, saa tatu tangu tuondoke Naiyobi, goti likagoma. Punda wa huku wamezoea mizigo, hawajafundishwa kubeba mtu kwenye mteremko mkali. Alishuka akiegemea vijana wawili wa Kimaasai, hatua kwa hatua, na njia ambayo wenzake waliimaliza kwa saa saba yeye aliimaliza kwa kumi na tatu, tena gizani. Hakulalamika hata mara moja. Sisi ndio hatukulala usiku ule. Tangu siku hiyo hakuna anayelipa kabla ya kuzungumza nasi kwa simu, na kila kundi linalala ukingoni Empakaai likijua kwamba asubuhi muongozaji atamwangalia mmoja mmoja akitembea. Atakayeonekana hawezi, anarudi na gari. Tunalipanga gari hilo tangu mwanzo, liko ndani ya bei.

Kuna watu huona kurudishwa ni aibu. Tunawasihi wasione hivyo. Ukishafika Empakaai umeshaona mengi: ukingo ule asubuhi, ukungu ukiondoka juu ya ziwa, heroe wakionekana kama mstari wa waridi kwenye maji ya magadi, na upande wa pili Lengai ikitoa kichwa. Siku zenye mbingu safi Kilimanjaro inaonekana. Ndiyo maana tuna safari fupi inayoishia hapo, na kwa mtu mwenye magoti yenye historia, au mwenye umri uliosogea, hiyo ndiyo tunayompendekezea kwa moyo wote.

Viatu navyo. Kila mwezi tunapata mtu aliyenunua viatu vizuri, vya gharama, juma moja kabla ya safari. Viatu vipya vitakutoa malengelenge siku ya kwanza, na siku ya nne vidole vyako vitakuwa vinagonga mbele ya kiatu kwenye kila hatua ya mteremko. Bora kiatu cha mtumba ulichokizoea miezi miwili, chenye soli inayoshika na nafasi ya kidole mbele. Kata kucha fupi kabla ya kuondoka. Na ukisikia kijoto kidogo kisiginoni njiani, sema hapo hapo, tusimame tubandike plasta. Watu wa kwetu tuna tabia ya kuvumilia ili tusiwacheleweshe wengine. Dakika tano za plasta leo zinaokoa saa mbili kesho, kwa hiyo vua kiatu bila haya.

Baridi huwashangaza hata watu wa Arusha. Ukingoni Empakaai, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku hushuka karibu na nyuzi sifuri, na upepo unapita kwenye nguo kama huna kitu. Mahema na magodoro tunatoa sisi, na mfuko wa kulalia wa baridi kali unaweza kuukodi kwetu. Wewe njoo na sweta nzito, kofia ya kufunika masikio, koti la mvua na soksi kavu ambazo hutazigusa mpaka saa ya kulala. Siku mbili baadaye utakuwa Natron, ambako mchana joto hufika nyuzi 40, kwa hiyo usisahau kofia ya jua na shati jepesi la mikono mirefu.

Mzigo wako usizidi kilo 15, kwenye begi laini. Tafadhali, si sanduku la magurudumu. Kona zake ngumu humchubua punda mgongo, na mnyama huyo ni mali ya familia ya kijijini ambayo itamhitaji kwa maji na mahindi baada ya sisi kuondoka. Tuliwahi kuhamisha nguo za mgeni kwenye magunia pale Nainokanoka, na sanduku likabaki ofisini.

Tukirudi kwa simba: wapo kwenye hifadhi, lakini kwenye msitu wa Empakaai anayetufanya tutembee kimya ni nyati. Askari hutangulia, sisi tunafuata kwa mstari mmoja, hakuna kukimbia wala kujitenga kupiga picha. Usiku utawasikia fisi, karibu kuliko ulivyotegemea. Chakula hakiingii kwenye hema la kulala, hata biskuti. Ukitaka kuchimba dawa usiku, washa tochi, mwite mlinzi wa kambi, asimame nawe kwa umbali wa heshima. Mchana kuna hema dogo la choo lenye shimo, na tunalifukia kabla ya kuondoka. Taka nyingine zote zinarudi nasi kwa punda, na mifuko ya plastiki usije nayo, imepigwa marufuku nchini tangu 2019.

Maji ya kunywa tunayachemsha. Ya kuoga ni beseni moja la moto jioni, maana kwenye kambi nyingine maji yenyewe yanakuja kwa madumu. Chakula hakina tatizo kabisa: uji asubuhi, makande au chapati mchana, supu na wali au ugali jioni, na chai ya tangawizi muda wote. Mpishi wetu hupika kwa gesi, hatukati kuni.

Mtapita kwenye maboma. Salimu kwanza, "Sopa", ujibiwe "Epa". Usipige picha ya mtu, boma au mifugo bila ruhusa, na ruhusa aombe muongozaji kwa Kimaasai.

Kuhusu majira, Juni hadi Oktoba ni pakavu, vumbi jingi na baridi. Januari na Februari panapendeza, majani bado mabichi. Machi hadi Mei hatutembei njia hii, hata ukiongeza pesa, kwa sababu mteremko wa Natron huwa utelezi mtupu. Kupanda Lengai ni safari nyingine. Tunaondoka usiku wa manane ili tufike juu alfajiri, na hatumruhusu mtu kuipanda kesho yake tu baada ya kumaliza siku nne. Pumzika siku moja kwanza.

Kwa hiyo ukitupigia, tutakuuliza magoti, mgongo, presha, pumu, sukari na dawa unazotumia. Majibu yako yanaishia kwa muongozaji wako tu. Kisha tutakuomba utafute kilima chochote karibu na unapoishi, ukipande na kukishuka kwa saa nne ukiwa na viatu hivyo hivyo, kisha utupigie tena kesho yake asubuhi, baada ya kuamka na kushuka kitandani. Simu hiyo ya pili ndiyo tunayopangia tarehe.