Mhariri, "saa ishirini" ndo saa ngapi?

Mhariri, salamu sana. Naomba kanafasi kadogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu hawa watangazaji wa kompyuta.

Wiki iliyopita nipo kwa kinyozi hapa Tabata, dogo anayeninyoa kaegemeza simu yake kwenye kioo inacheza taarifa ya habari ya TV moja ya mtandaoni. Dada mzuri, koti la bluu, anasoma bila kukwama, mara akasema mkutano utaanza "saa ishirini na sifuri sifuri". Dogo akazima mashine. Akauliza saa ishirini ndo saa ngapi hiyo? Mzee mmoja aliyekua anasubiri zamu yake akasema labda ni saa za jeshini. Ikaja habari ya Nyang'hwale kule Geita, dada akaitafuna hiyo Nyang'hwale mpaka mi mwenyewe nikadhani ni mji wa Uchina, halafu "barabara ya lami" akaikazia pasipo, ikawa ile barabara ya kusema mambo yamenyooka. Hapo ndo tukamwangalia vizuri, kumbe shingo haisogei kabisa. Sio mtu.

Sasa msije mkasema huyu baba mshamba anaogopa teknolojia. Miaka ya nyuma nilishawahi kupiga kibarua kwenye kipindi cha watoto, kulikua na sungura wa katuni anaongea laivu na watoto wanaopiga simu, na huyo sungura nilikua mimi. Nimekaa kwenye kistoo nyuma ya studio, kamera ndogo imenitolea macho, taa mbili za mezani, joto usiseme, programu inafuata nyusi na macho na mdomo wangu, nikicheka anacheka, nikipiga chafya anapiga chafya, na mkono wa kulia uko kwenye kibodi kwa sababu masikio mimi sina ya kusimamisha, ukibonyeza 3 yanasimama ukibonyeza 4 yanalala. Ukigeuza shingo sana kamera inakupoteza, sungura anabaki kakodolea dari kama kaona mzimu na watoto wanacheka hadi basi.

Siku moja kapiga simu katoto ka kike, nikamuuliza habari za nyumbani, akasema bibi amekufa jana. Kwenye karatasi yangu hakukua na kitu kama hicho. Nikanyamaza, sungura naye akanyamaza, nikabonyeza 4, masikio yakalala, nikamuuliza bibi alikua anakupikia nini, akasema vitumbua, tukaongea vitumbua karibu dakika tatu nzima na prodyuza ananipungia mikono kwenye kioo muda umeisha.

Kwa hiyo mi sina ugomvi na katuni. Wakenya walikua na XYZ Show tangu 2009, vinyago vya mpira vya wanasiasa, kazi ya Gado yule mchora katuni mzaliwa wa hapahapa Dar, na kila mtu alijua kuna mkono ndani ya kinyago. Hata Marekani mwaka 2016 Homer Simpson, yule baba wa katuni ya The Simpsons, alijibu simu za watazamaji laivu, lakini aliyekua anajibu ni Dan Castellaneta mwenyewe mwenye sauti yake, kompyuta inamchezeshea mdomo tu. Mtu yupo.

Hawa wa habari ndo wananitia wasiwasi. Na sio wapya kama tunavyoambiwa, Waingereza walimtoa Ananova mwaka 2000, kichwa cha kike chenye nywele za kijani kinasoma habari kwenye intaneti. Wachina kupitia Xinhua, shirika lao la habari, wakaja na wa kwao Novemba 2018, huyo walimnakili mtangazaji wao halisi, Qiu Hao, sura mpaka sauti. Kuwait mwaka 2023 wakamleta binti wanamwita Fedha, kwao ni jina zuri tu la kike, ila kwetu huku nadhani ndo wametaja sababu yenyewe ya mradi mzima hahaa.

Maana tusidanganyane, mara nyingi ni kubana mishahara. Poland mwaka 2024 kituo cha OFF Radio Kraków kiliachana na watangazaji wake kikaweka wa kompyuta, wakafika mahali pa kurusha "mahojiano" na mshairi Wisława Szymborska ambaye kafariki 2012! Marehemu anahojiwa, anajibu, na hakuna wa kusema hapa jamani tumepitiliza. Watu walichachamaa na jaribio likafungwa baada ya wiki hivi.

Haya, nisiwe mbishi, Venezuela nawaelewa. Baada ya uchaguzi wa Julai 2024 waandishi walikua wanakamatwa, vyombo kadhaa vikaungana vikatengeneza wasomaji wawili wa kompyuta, El Pana na La Chama, ili mwandishi mwenye sura na anwani asionekane. Habari zilikusanywa na watu, na hao wawili wenyewe walishasema mapema kwamba wao sio binadamu. Pale kinyago kinamlinda mtu. Huyu wetu wa koti la bluu anamlinda nani?

Zamani msomaji akiteleza redioni unamsikia anakohoa kidogo, "samahani msikilizaji, nasahihisha". Mi nataka hicho tu. Kama ni katuni inayochezeshwa na mtu, wekeni jina lake mwishoni, hata mimi sungura niliwekwa, kwa herufi za kuhitaji miwani lakini niliwekwa. Kama ni mashine tupu basi liandikwe jina la aliyeandika habari na la aliyeipitia kabla haijaruka, na huyo anayepitia alipwe, aandike "saa mbili usiku" kwa maneno, sio 20:00, mashine haijui kwamba sisi saa zetu tunaanza kuzihesabu asubuhi jua likitoka, na tena jioni likizama.

Pale kwa kinyozi tulimsaidia dogo kuandika komenti ya kumsahihisha yule dada, kwa heshima kabisa. Ikapata mioyo kumi na kitu. Kesho yake dada huyo huyo, koti lile lile la bluu, mechi itaanza saa kumi na tisa na dakika thelathini.

Ni mimi sungura mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam