Kifaru peke yake hakikumaliza vita vya mahandaki

Mhariri, salamu. Nimesoma makala yenu ya Vita Kuu ya Kwanza, nzuri, ila pale mlipoandika kwamba Waingereza walileta vifaru na mahandaki yakaisha nikasema hapana, hii lazima niijibu, maana kuna watu waliofanya kazi kubwa kuliko kifaru na hamjawataja kabisa.

Kifaru kilitoka mara ya kwanza kule Somme, Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1916. Vilipangwa 49, vingi vikaharibika au kukwama hata kabla ya kumfikia adui, na spidi yake ilikuwa kama kilomita 6 kwa saa. Vita ikaendelea miaka miwili zaidi.

Shida yenyewe ilikuwa mizinga. Hapohapo Somme, kabla ya tarehe 1 Julai, Waingereza walipiga makombora wiki nzima, kama milioni 1.5 hivi, lakini seng'enge sehemu nyingi hazikukatika na mizinga ya Wajerumani ikabaki mizima, askari walipotoka kwenye mahandaki wakafa zaidi ya 19,000. Siku moja tu! Na hata mahali walipopenya, adui alikuwa analeta askari wapya kwa treni wakati wao wanajikokota kwenye mashimo ya makombora yao wenyewe.

Sasa hapa ndo pa kumtaja William Lawrence Bragg, kijana aliyepata Nobeli ya fizikia 1915 akiwa na miaka 25 tu. Kazi yake vitani ilikuwa kusikiliza mizinga. Maikrofoni kadhaa zinapangwa nyuma ya mahandaki, mzinga wa adui ukilia sauti inafika kwenye kila moja kwa muda tofauti kidogo, ukizipigia hesabu hizo tofauti unajua mzinga umefichwa wapi hata kama hauonekani. Mwanzoni ilisumbua sana sababu maikrofoni za kawaida zilikuwa zinashika kila kelele, mpaka mwenzake Tucker akatengeneza ile ya waya mwembamba uliopashwa moto, inashika mngurumo mzito wa mzinga tu. Ongeza picha za ndege, ramani nzuri, na fyuzi namba 106 iliyolipua kombora papo hapo likigusa seng'enge badala ya kuzama ardhini.

Ndio maana kwenye mapigano ya Cambrai, mji wa Ufaransa, 20 Novemba 1917, mizinga kama 1,000 ilifyatua pamoja alfajiri bila kombora hata moja la kupimia shabaha kabla, adui hakushtuka mapema, na vifaru vikapata njia.

Mapigano ya Amiens, Ufaransa pia, 8 Agosti 1918 ndo kila kitu kikaungana, mizinga, ndege, vifaru zaidi ya 400, askari wa miguu, mpaka Ludendorff mwenyewe, jenerali wa Wajerumani, akaiita siku nyeusi ya jeshi la Ujerumani. Lakini kufika tarehe 12 vifaru vizima vilivyokuwa tayari kupigana vilikuwa 6. Sita!

Halafu 29 Septemba, mfereji wa St Quentin, kwenye ngome ya Wajerumani iliyoitwa Hindenburg, ambapo kifaru hakiwezi kuvuka maji. Waingereza walishusha makombora karibu milioni moja ndani ya saa 24, kisha askari wa divisheni ya 46 wakavuka kwa maboya ya kujiokolea yaliyotoka kwenye meli, wakaichukua. Hiyo siku naomba muiandikie makala yake, na Bragg mumpe nafasi.

Msomaji wenu, Morogoro