Zuhura, usimwondoe karani

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi sana. Huku hatujambo, mama anakusalimu na anauliza halua yake iko wapi. Mume wa Siti amerudi kutoka Pemba, mengine utayasikia kwake mwenyewe. Nisamehe nikipita salamu mbiombio, kwa sababu ujumbe wako wa juzi umenikosesha usingizi. Unasema mtoa fedha wa filamu yako anataka karani wa manispaa aondolewe kwenye hadithi, aingie jasusi mwenye bastola, na mwisho ilipuliwe helikopta. Kisha wewe mwenyewe unaniandikia, "huenda anajua zaidi yangu." Hajui zaidi yako, Zuhura. Soko labda analijua. Hadithi hii ni yako.

Jana nimeitazama tena Z, ile filamu ya Costa-Gavras ya mwaka 1969 ambayo kwa Mwalimu umeme ulitukatikia katikati. Safari hii niliiona mpaka mwisho, na kila dakika nilikuwa nakuwaza wewe na karani wako. Kisa kimetoka kwenye tukio la kweli. Tarehe 22 Mei 1963, mjini Thessaloniki, Ugiriki, mbunge Grigoris Lambrakis, daktari aliyewahi kuvuma kwa riadha, alikuwa ametoka kuhutubia mkutano wa amani. Polisi wamejaa pale nje. Likapita guta la injini la magurudumu matatu, mtu aliyekuwa nyuma akampiga rungu la kichwa. Alifariki tarehe 27. Wakubwa wakataka ionekane ni ajali ya barabarani, basi.

Sasa angalia njama yenyewe inavyoanza kwenye filamu. Maofisa wamekaa kwenye mhadhara wa kilimo, wanaelezwa juu ya ukungu unaoshambulia mizabibu na dawa ya kupulizia. Akimaliza bwana shamba, anasimama jenerali: kuna ukungu mwingine, wa fikra, nao lazima upuliziwe dawa mapema. Wanamsikiliza kwa adabu kabisa. Hakuna aliyetoa amri ya kuua mtu, na mimi nilianza kutetemeka hapo hapo.

Halafu watu wanaotumika! Hawa si majasusi, ni watu wa sokoni. Yumo muuza tini, mtu wa chini, anayewategemea polisi ili abaki na kibanda chake. Kibali cha kibanda, Zuhura! Wewe uliiandika kabla hujaiona filamu hii: mzee wako wa ndizi pale stendi, anayeambiwa atie sahihi asichokijua la sivyo meza yake itaondolewa. Niliposoma ukurasa ule nililia. Nakuapia, hakuna helikopta itakayomliza mtu namna ile.

Yupo pia fundi anayepaka vanishi majeneza. Alimsikia dereva wa guta akijisifu kwamba usiku ule kuna kazi kubwa, akaamua kwenda kusema. Njiani akapigwa. Anazinduka hospitali, wakubwa wamesimama kitandani wanamwambia aliteleza tu, na dada yake mwenyewe anamkaripia kwa kujitia kwenye mambo ya watu. Yeye anashikilia lile lile: nimepigwa. Sijui kama kuna shujaa ninayempenda kuliko huyu, na filamu nzima hagusi silaha.

Lakini niliyetaka hasa kukwambia habari zake ni hakimu mpelelezi, anayeigizwa na Jean-Louis Trintignant. Kijana mkimya, ana miwani ya giza, anauliza na kuandikisha. Mwanzoni hata upande wake hujui ni upi. Kinachowakamatisha wale ni maneno: watu ambao hawakupaswa kuwa wamekaa pamoja wanarudia kifungu kile kile, kwamba yule mtu aliyelirukia guta kupambana na wapigaji alikuwa "mwepesi na mkali kama chui milia". Umeona? Ni zile risiti za viwanja kwenye mswada wako, zenye mwandiko mmoja! Karani wako anazipanga mezani usiku, hasemi kitu, na sisi tunaoangalia tunajua kwamba tayari ameshajua. Ukimwondoa yeye, nani ataziona?

Baadaye majenerali na wakuu wa polisi wanaitwa mmoja mmoja. Nishani kifua kizima. Taipu inagonga: jina, ukoo, kazi. Yule hakimu wa kweli, Christos Sartzetakis, alikuwa na miaka 34 tu wakati mbunge yule anauawa. Wanajeshi waliopindua serikali mwezi Aprili 1967 baadaye walimfukuza kazi wakamtia ndani. Mwaka 1985 akawa Rais wa Ugiriki. Hilo filamu haikuweza kulijua. Yenyewe inaishia pabaya: kesi inavurugika, mashahidi wanakufa, kisha inakuja orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na wanajeshi, wamo waandishi kama Sophocles na Tolstoy, nywele ndefu, hata hesabu za kisasa. Kwa hiyo mtoa fedha akikwambia watu hawataki mwisho wenye uchungu, mwambie hii ilichukua Oscar mbili, ya filamu ya lugha ya kigeni na ya uhariri. Na ile ya kwanza iliandikwa kwa jina la Algeria, kwa sababu walipigia picha Algiers na Waalgeria ndio waliowashika mkono. Muziki ni wa Mikis Theodorakis, ambaye wakati huo wanajeshi walikuwa wamemfungia kijijini. Ndugu zetu wa Afrika waliiamini hadithi ya watu wasio na bunduki. Sisi tunashindwa nini?

Ningekuandikia na habari za Irene Papas, anayeigiza mjane wa mbunge, anavyopokea habari njema pale ufukweni bila kufurahi... tutazungumza.

Sasa nijibu haya. Ule mswada wa kwanza bado unao, au umeshaufuta? Umetia sahihi mkataba wowote? Kama umetia, umeandikwa kwamba nani ana neno la mwisho juu ya hadithi? Mzee wa ndizi naye wanamtoa? Je, fedha za bila helikopta zingekuwa kiasi gani, kwa hesabu yako ya kweli? Yule kaka wa Nairobi aliyekukopesha kamera bado anapokea simu? Na ukija Tanga Idi, utakaa siku za kutosha tuupitie pamoja ukurasa kwa ukurasa?

Nipigie kabla hujakutana naye Alhamisi. Hata usiku.

Shoga yako,
Mwanahamisi