Kabla hujaja Deschutes

Portland, Oregon
28 Agosti

Ndugu yangu Gichuki,

Habari za huko Kiganjo? Sisi hatujambo, ila joto la mwezi huu limetuchosha, pamoja na moshi wa misitu inayoungua. Nimefurahi mno kusikia visa imetoka, na umefanya vyema kuchagua Oktoba. Ungekuja Julai ningekutembeza mjini kama mgeni mwingine yeyote. Oktoba tutakwenda mtoni, Deschutes, kuvua stilihedi.

Umeniuliza huyu stilihedi ninayemtaja kila tukiongea ni samaki gani. Unamjua. Ni yule yule trauti wa upinde wa mvua unayemvua kwenye mito ya Sagana na Thego, spishi moja kabisa. Wa kwetu Kenya waliletwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na asili ya ukoo wao ni mito inayoingia Pasifiki, upande huu niliko mimi. Kinachowatofautisha ni bahari. Baadhi ya vifaranga hubaki mtoni maisha yao yote, wengine huteremka hadi baharini wakiwa bado wadogo, wakashiba ngisi na samaki wadogo kwa mwaka au miwili, halafu wakarudi kutaga mtoni walikozaliwa. Aliyebaki utamshika kwa mkono mmoja. Aliyetoka baharini anaweza kufika kilo tatu au nne, na nguvu zake hazina uhusiano wowote na uzito huo. Tena hafi lazima akishataga, kama wafavyo salmoni wa huku. Wako wanaorudi baharini, ingawa ni wachache.

Na safari yenyewe si ndogo. Mto Deschutes unamwagika kwenye mto mkubwa wa Columbia, kama kilomita 330 kutoka baharini, na kabla ya kufika hapo samaki ameshapita mabwawa mawili, Bonneville na The Dalles, akipanda ngazi za maji zilizojengwa kwa ajili yake. Pale Bonneville wapo watu ambao kazi yao ni kuwahesabu dirishani wakipita. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua mengi. Mwaka 2021 ilishuka vibaya hata serikali ya jimbo ikafunga uvuvi wa stilihedi Deschutes msimu ule wa majani kupukutika, na sikulalamika. Kwa hiyo tiketi ya ndege usiifungie hesabu ya samaki. Huenda usimguse hata mmoja, na huenda mto wenyewe ukafungwa wiki unayofika.

Sasa uvuvi. Wewe ni fundi, hilo sibishani nawe, lakini ufundi wako ndio unaonitia wasiwasi. Kule Thego unamvizia trauti unayemwona akila, unamshushia nzi mdogo wa bandia, ile ndoana iliyofungwa manyoya, mbele ya pua. Stilihedi akishaingia mtoni hana njaa hiyo. Anaishi zaidi kwa mafuta aliyotoka nayo baharini. Mbona basi anauma? Wavuvi wa huku watakukesha kwa sababu zao: hasira, udadisi, kumbukumbu za utotoni alipokuwa akila wadudu wa mto huu huu. Mimi niko na wa kumbukumbu, bila ushahidi wowote.

Utaingia maji ya magoti mwanzo wa mkondo, utupe mshipi kuelekea ng'ambo na chini kidogo, kisha uuache mto ufanye kazi. Nzi atakata mkondo kwa upinde, polepole, karibu na uso wa maji, mpaka aning'inie moja kwa moja chini yako. Unapiga hatua mbili kushuka, unatupa tena. Hivyo hivyo mpaka mkondo uishe. Fimbo nitakayokupa ni ya mikono miwili, futi 13, na mtindo wa kuitupa ulianzia mto Spey kule Scotland. Utaupenda, maana mshipi hauendi mbali nyuma yako, na kingo za Deschutes zimejaa miti inayokula nzi.

Lakini nakuomba, Gichuki, na ndiyo sababu hasa ya kuandika mapema hivi: akikugusa, usivute. Wewe mkono wako unavuta kabla kichwa hakijajua kuna samaki, nimeuona ukifanya hivyo miaka yote. Huyu anamshika nzi kisha anageuka, na ni kule kugeuka kunakoichomeka ndoana kwenye pembe ya mdomo. Ukivuta mapema unamnyang'anya. Shika kitanzi kidogo cha mshipi chini ya kidole, mwachie akichukue, na rili, kile kigurudumu cha mshipi, ikianza kulia ndipo uinue fimbo taratibu, ukiilaza upande wa ukingo. Kazoee sasa hivi hapo Sagana, hata kama utapoteza trauti wachache wa mchuzi.

Ukiwa na nafasi, funga nzi weusi wenye tako la kijani na bawa jeupe, ndoana namba 6, vijino umevibana kwa koleo. Huku wanamwita Green Butt Skunk, na mtu akiwa naye huyo mmoja tu anaweza kumaliza msimu. Manyoya ya kanga yanawafaa sana, lakini usiyabebe. Forodha ya hapa haina mzaha na vitu vya ndege. Tutanunua.

Mwambie Mama Njeri mapema kwamba samaki hatakuja nyumbani. Mwenye pezi lile dogo la mgongoni karibu na mkia ni wa porini, anarudishwa majini. Aliyekatwa pezi hilo ametoka kituo cha vifaranga, na huyo sheria inaruhusu kumla.

Tutakaa kambini karibu na mji mdogo wa Maupin, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa. Tutavua alfajiri mpaka jua lishuke bondeni ligonge maji, halafu chai na usingizi, kisha jioni kivuli kikirudi. Katikati ya siku nitakupeleka kwenye maporomoko ya Sherars Falls, ambako wenyeji wa asili wa Warm Springs bado wanavua kwa nyavu za mpini mrefu juu ya majukwaa ya mbao. Haki yao hiyo imo kwenye mkataba wao na serikali ya Marekani wa mwaka 1855. Mashua tutaipanda kuvuka tu, maana kuvua ukiwa ndani yake kumekatazwa. Mawe ya mto ule yanateleza vibaya, kwa hiyo utatembea na mkongojo na hutanibishia.

Leseni ya mgeni pamoja na vibali vyake nitakulipia mimi. Wewe nitumie namba ya kiatu na urefu wako, nikuazimie suruali ya kuingilia majini kabla hawajazimaliza. Soksi nene za sufu njoo nazo, jozi mbili. Na majani ya chai, tafadhali, ya huku ni maji ya rangi.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Maina