Risala kwa Mgeni Rasmi: Ada Hii ni ya Huduma Gani?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waziri wa Fedha wa Kaunti, Mkuu wa Chuo, wahadhiri wetu, waheshimiwa wawakilishi wadi, wafanyabiashara mliofunga vibanda ili muwe nasi, wanafunzi wenzetu: hamjambo!

Sisi wanachama wa chama cha wanafunzi wa usimamizi wa umma tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunajua umeacha kikao cha bajeti kuja hapa, na kwamba gari lako limezoea lami kuliko barabara yetu. Asante.

Mheshimiwa, mwaka huu tuliacha maktaba tukaingia sokoni, tujue kaunti inakusanyaje mapato yake na mlipaji anapata nini. Swali la utafiti wetu hatukulitunga sisi. Mama mmoja muuza viazi alifungua fundo la leso, akatoa risiti mbili za siku moja: moja ya geti la soko, nyingine ya kizuizi cha barabarani. Akauliza, "Wanangu, hii ni ya nini, na hii nayo ni ya nini?" Hatukuwa na jibu. Tulimwomba muda, tukarudi vitabuni.

Kifungu cha 209 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinazitaja kodi mbili tu ambazo kaunti inaweza kutoza: kodi ya mali, yaani ile ya viwanja na majengo, na kodi ya burudani. Nyingine yoyote sharti iidhinishwe na sheria ya Bunge. Ushuru wa soko na maegesho, ambao sote tumezoea kuuita kodi, ni malipo ya huduma. Kodi hulipwa hata kama mlipaji hakuonyeshwa kitu. Malipo ya huduma yana upande wa pili: aliyelipia soko ana haki ya kuulizia choo, taa, maji na taka zilizorundikana nyuma ya vibanda. Mama wa viazi hajawahi kuisoma Katiba, lakini alikuwa ameshafika hapo kabla yetu.

Risiti ya pili ilitusumbua zaidi. Kifungu hichohicho kinazikataza kaunti kutoza kwa namna inayodhuru biashara kati ya kaunti na kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Gunia likitoka hapa kwenda kuuzwa kaunti jirani na kulipiwa vizuizi viwili njiani, kaunti gani kati ya hizo mbili imetoa huduma, na huduma ipi?

Hapo ndipo utafiti wetu ulipokwama. Sheria inataka mapato ya kaunti yaingie kwanza katika Hazina ya Mapato ya Kaunti. Ni kinga nzuri, kwa kuwa enzi za mabaraza ya miji pesa nyingi ziliishia mikononi mwa waliozikusanya. Lakini pesa ya geti ikishaingia humo inachanganyika na nyingine zote, na anayetaka kuifuata hadi kwenye choo cha soko anapotelewa na njia. Hospitali zimepata nafuu, maana tangu sheria ya 2023 zinaruhusiwa kubaki na zinachokusanya. Masoko hatuyaombei hayo. Tunaomba hesabu zake zionekane, soko kwa soko.

Hatusahau upande wako, Mheshimiwa. Mgao wa serikali kuu kwa kaunti zote 47 ulikuwa shilingi bilioni 190 mwaka wa fedha wa 2013/14, ukafika bilioni 385.4 mwaka wa 2023/24, na bado mara nyingi huchelewa huku wauguzi wakisubiri mishahara. Tunaelewa kwa nini macho ya wakusanyaji yako getini kila alfajiri.

Tuliandika barua kuomba daftari za makusanyo. Ofisi moja, ambayo leo hatutaitaja, ilitwambia "njooni kesho" hadi tukazoeana na mlinzi wa mlangoni. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inatoa siku 21 za kujibu ombi. Tunaomba hizo tu, wala tusiongezewe hata moja.

Tunaomba pia Sheria ya Fedha ya Kaunti, ile inayopanga viwango vya ada, itolewe kwa Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha rasmi, na viwango vibandikwe getini kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Vikao vya maoni ya umma navyo vifanyike siku isiyo ya soko. Anayelipa ushuru siku ya soko hawezi kuacha mzigo wake juani aje kukaa ukumbini, kisha tuseme wananchi hawakujitokeza.

La mwisho, nafasi za mafunzo kazini katika idara ya mapato. Tutakuja na kalamu zetu wenyewe.

Mama wa viazi ameketi safu ya pili, Mheshimiwa. Risiti amezibeba.

Ni sisi wanachama.